UZI: Wazazi wakiachana Amu (Lamu) au Malindi, korti inaamuaje mtoto alale wapi, aonane na nani na nani alipe nini

Mzee wa Masjala

Assalaam aleikum jamaa, na wasio Waislamu hamjambo. Swali la "watoto atapewa nani" linaulizwa humu kila mara, na kila mara linajibiwa kwa hasira kuliko sheria. Tulimalize hapa. Nazungumzia Kenya, hasa korti za Lamu, Mpeketoni na Malindi.

Kwanza tuliondoe hilo neno "kupewa". Hakimu hagawi watoto kama vyombo vya nyumba. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatenganisha mambo ambayo mtaani tunayafunga furushi moja. Upo wajibu wa mzazi, ambao baba na mama wanao sawasawa wawe walioana au la. Hilo limo kwenye Katiba, kifungu 53(1)(e), na talaka hailivunji. Yapo malezi ya kisheria, yaani nani ana sauti katika mambo makubwa: shule, matibabu, dini, safari za nje. Yapo malezi ya kila siku, yaani mtoto anaamkia kwa nani. Kisha haki ya kuonana na mzazi asiyekaa naye, na mwisho matunzo, ambayo ni pesa. Mtu aweza kushirikiana na mwenziwe malezi ya kisheria, akakosa ya kila siku, akawekewa siku za kuonana, na pesa akatoa vile vile. Ukisimama kortini ukasema "nataka wanangu" tu, hakimu hajui unaomba lipi.

Kipimo ni maslahi ya mtoto, Katiba 53(2) na kifungu cha 8 cha Sheria ya Watoto. Maneno haya yanachosha kusikia, lakini kazi yake inaonekana kwenye maswali hakimu anayouliza. Nani alikuwa akimwogesha, akimpeleka kliniki, akifika kwenye mkutano wa wazazi? Yuko shule gani sasa, na akihamishwa atapoteza nini? Ndugu zake wako wapi, maana korti haipendi kuwatenganisha bila sababu. Kuna aliyempiga au atakayempiga? Dini yake, desturi za kwao, na yeye mwenyewe anasema nini kulingana na umri wake. Nani alimwacha nani, na nani alionekana na nani pale forodhani, hayo yanaingia tu kama yamemgusa mtoto.

Kuna kanuni ya siku nyingi ya majaji kwamba mtoto mdogo hukaa na mama isipokuwa pawe na sababu ya pekee. Sheria ya 2001 ilimhesabu mtoto mdogo kuwa wa chini ya miaka 10. Sababu za pekee zilizotajwa kwenye hukumu ni kama makazi mabovu kupita kiasi, mwenendo unaomdhuru mtoto, au mama kutotulia pahali pamoja. Lakini kanuni hiyo si ngao. Siku hizi mahakimu wanaianza na usawa wa Katiba kichwani, na mama anayeitegemea peke yake bila ushahidi wa malezi anaweza kushangaa.

BintiMkomani

Ahsante mzee. Na kwa kadhi je? Wengi wetu huku Amu talaka zinaandikwa huko. Si anamaliza na ya watoto pale pale?

Maalim wa Langoni

Bi, hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hivyo nitafafanua kidogo.

Kifiqhi, yaani kwa sheria ya dini, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hadhana (haki ya kumlea) ya mtoto mchanga ni ya mama. Akifikia kupambanua mambo, karibu miaka 7, huhiyarishwa kati ya baba na mama. Mama akiolewa na mtu asiyehusiana na mtoto, hadhana humtoka ikaenda kwa bibi mzaa mama, isipokuwa mume mpya awe na haki katika mtoto huyo, kama ami yake, na akaridhia. Nafaqa (matunzo) ya mtoto ni juu ya baba hata kama mama ana duka zima.

Sasa tazama Katiba, kifungu 170(5). Mahakama ya Kadhi imepewa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusimama mbele ya kadhi. Malezi na matunzo ya watoto hayakutajwa kwa jina. Ndiyo sababu zipo amri za kadhi kuhusu watoto zilizofutwa zilipofika Mahakama Kuu. Mtu anatumia miezi sita, anapata hukumu nzuri, kisha mwenziwe anakata rufaa kwa hoja moja tu, ya mamlaka.

Wakili wa Barani

Maalim, nakubali nusu. Wako majaji waliosema hadhi ya mtu na talaka vinabeba na watoto ndani yake, kwa hivyo tusiwatishe watu kwamba karatasi ya kadhi ni ya kufungia maandazi. Njia ninayoiona salama ni hii: talaka, eda na mahari yamalizwe kwa kadhi. Mkiafikiana kuhusu watoto mbele yake, vizuri, yaandikwe, yatiwe sahihi, kisha yapelekwe Mahakama ya Watoto yageuzwe kuwa amri ya korti. Msipoafikiana, kesi ya watoto ifunguliwe moja kwa moja kwa hakimu wa watoto. Msishtaki kotekote kwa wakati mmoja, maana amri mbili zikigongana hamna polisi atakayetekeleza hata moja.

Na lile la kuolewa: kwa hakimu, mama kuolewa tena kwa kawaida hakumtoi mtoto mikononi mwake peke yake. Ataulizwa huyo mume ni nani, anaishi na mtoto vipi, basi. Baba anayekuja na hoja hiyo peke yake anaweza kurudi mikono mitupu.

Maalim wa Langoni

Hapo kwenye kugeuza makubaliano kuwa amri, mia kwa mia.

Mzee wa Masjala

Karatasi sasa. Tangu Machi 2024 korti zote nchini zinapokea kesi kwa mtandao, kwa hivyo mtu wa Kizingitini hana haja ya kuvuka mara tatu kuleta faili. Saiba yenye skana inatosha, mradi kila hati iwe PDF yake na jina linaloeleweka. Vikao vingi vya kutajwa kesi husikizwa kwa video, ila siku ya ushahidi hakimu anaweza kukutaka ana kwa ana.

Faili la mlalamishi lina hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, maelezo yako kama shahidi, maelezo ya mashahidi wengine, na orodha ya vielelezo pamoja na nakala zake. Kama kuna la haraka, mathalani mtoto ametolewa shule au baba amekata pesa ghafla, unaambatisha ombi chini ya cheti cha dharura na kiapo kinachoeleza dharura yenyewe. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda hata kabla upande wa pili haujasikizwa, lakini atataka kuona hatari, si uchungu. "Ameniudhi" si dharura. "Amekata tiketi ya basi la Jumatatu la kumtoa mtoto kaunti hii na shule inafunguliwa" ni dharura.

Vielelezo vinavyosaidia: cheti cha kuzaliwa, buku la kliniki, ripoti za shule, risiti za karo, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita au zaidi. Picha za mtoto akicheka hazithibitishi kitu. Jumbe za simu zinafaa zikiwa kamili, zenye tarehe na namba. Ukikata mstari mmoja katikati, upande wa pili utaleta mazungumzo yote.

Kisha kupeleka samansi. Hapa kesi nyingi za visiwani hulala. Mpelekaji anampa mdaiwa karatasi, halafu anaandika kiapo cha kuthibitisha: lini, wapi, alimtambuaje. Kiapo kikisema "nilimpa jamaa yake bandarini" hakimu ataamuru irudiwe. Kama mtu ni mvuvi na yuko baharini wiki nzima, omba ruhusa ya korti kumpelekea kwa WhatsApp kwenye namba inayojulikana ni yake.

Nahodha wa Mkanda

Na afisa wa watoto? Watu wanamwogopa kama askari.

Shariffa MLD

Hapana haja, kaka. Korti humwagiza afisa wa watoto aende nyumba zote mbili akaandike ripoti. Anaangalia mtoto analala wapi na na nani, maji na choo, nani anabaki naye mzazi akiwa kazini, shule iko umbali gani. Anazungumza na mwalimu, pengine na mzee wa mtaa. Si mashindano ya sofa. Chumba kimoja kisafi cha Muyeye chenye bibi anayeshinda nyumbani kinaweza kuonekana bora kuliko nyumba kubwa ya Casuarina ambayo mtoto anaachiwa mlinzi.

Makosa yanayofanyika: kuazima watoto wa jirani nyumba ionekane na uchangamfu (nyinyi mnacheka, hufanyika), kumfundisha mtoto maneno, na kukataa kufungua mlango. Mtoto aliyefundishwa hujulikana upesi kwa sababu husema maneno ya watu wazima. Wa miaka 6 akitamka "baba hatekelezi majukumu yake" kila mtu chumbani anaelewa. Hakimu akitaka kumsikia mtoto mwenyewe humwita faraghani bila wazazi. Hamuulizi "wampenda nani". Anamuuliza juu ya shule, nani anampikia, analala saa ngapi.

Ripoti si hukumu. Pande zote zina haki ya kuiona, na kama ina kosa afisa anaweza kuhojiwa. Kwa Lamu Mashariki hesabuni muda wa safari ya boti. Ripoti ikichelewa, andika barua ya kukumbusha kupitia masjala, usimpigie afisa kila siku.

BintiMkomani

Pesa, jamani. Hakimu anafikiaje kiasi?

Wakili wa Barani

Sheria haikuweka asilimia. Pande zote zinatakiwa kueleza mapato na mali zao kwa kiapo, na hakimu analinganisha mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili. Kumbuka, mama naye ana sehemu. Hilo linawashtua wengi waliozoea kwamba nafaqa ni ya baba.

Niwape mfano wa kubuni, watoto wawili Amu mjini. Chakula 9,000 kwa mwezi. Karo 24,000 kwa mwaka, ambayo ni 2,000 kwa mwezi. Sare na vitabu 9,600 kwa mwaka, yaani 800. Madrasa 600. Boti na boda 1,600. Dawa 1,000. Kodi ya nyumba ni 10,000, nusu yake iwe ya watoto, 5,000. Jumla 20,000. Baba akipata 42,000 na mama 18,000, jumla yao ni 60,000, fungu la baba ni 70 kwa 100. Basi pendekezo la 14,000 kwa baba na 6,000 kwa mama linasimama lenyewe. Hakimu halazimiki kulifuata, ila amepata mahali pa kuanzia.

Linganisha na anayeandika "matunzo 50,000" bila mchanganuo, au anayetia mafuta yake ya nywele na mkopo wa chama kwenye bajeti ya watoto. Hakimu akishaona kitu kimoja kimepachikwa, anapunguza na vile vya kweli. Yale ya mara moja kwa mwaka yagawe kwa 12, usiyatie yote mwezi mmoja.

Mara nyingi ni bora kugawana vitu kuliko fedha taslimu: baba alipe karo moja kwa moja shuleni na bima ya afya ya SHA, mama chakula na nguo, na baba aongeze kiasi fulani kwa M-Pesa kabla ya tarehe 5. Pesa za mkononi hazina ushahidi. Baba mvuvi au kuli asiye na mshahara asiseme "sina kitu". Taarifa ya M-Pesa itamsuta. Aeleze msimu: kaskazi hupata hivi, kusi hupata hivi, na aombe amri ifuate hivyo.

Nahodha wa Mkanda

Kusi umelitaja, sasa niruhusuni niseme jambo ambalo naona linaharibu amri nyingi za huku kuliko yote. Amri zinaandikwa kama kwamba sote tunaishi kando ya barabara ya lami.

Amri ya kawaida husema: baba atamchukua mtoto kila wikendi ya pili, Ijumaa saa kumi jioni, atamrudisha Jumapili saa kumi na moja. Malindi mjini, mmoja Maweni na mwingine Shela, inakwenda bila tabu. Sasa mama yuko Langoni, Amu mjini, na baba yuko Faza, kisiwa cha Pate. Boti za Faza hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na safari huwa ngumu maji yakiwa yamekupwa. Maji yanasogea karibu dakika 50 kila siku. Ijumaa hii saa kumi yamejaa, Ijumaa ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa. Kisha kuna bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Baba anafika saa mbili usiku, mama amefunga mlango, Jumatatu wote wako masjala kila mmoja akiapa kwamba mwenziwe amevunja amri. Na wote wawili wanasema kweli!

Andikeni hivi: "mtoto ataondoka na boti ya abiria ya kwanza baada ya shule kufungwa Ijumaa, au ya kwanza Jumamosi kama hakuna, na atarudishwa kabla ya magharibi ya Jumapili. Boti ikizuiwa na hali ya bahari, mzazi aliye na mtoto atamjulisha mwenziwe kwa ujumbe siku hiyo hiyo, na siku iliyopotea itafidiwa wikendi inayofuata." Taja gati: Amu au Mtangawanda. Taja nani analipa nauli ya kwenda na nani ya kurudi. Taja nani anamsindikiza, kwani mtoto wa miaka 5 hapandishwi boti peke yake akakabidhiwa nahodha, hata nahodha akiwa mjomba. Jaketi la kuokolea la kipimo cha mtoto liandikwe pia, na asiyecheka ndiye mwenye akili.

Kwa walio mbali zaidi, kama Pate na Malindi, wikendi haifai kabisa. Basi hadi Mokowe, boti, kisha boti tena. Mtoto atashinda safarini kuliko kwa baba. Hapo ombeni likizo: nusu ya Aprili, nusu ya Agosti, nusu ya Desemba, na simu ya video mara mbili kwa wiki saa inayojulikana. Agosti ni kusi, bahari mbaya, kwa hivyo baba wa kisiwani afadhali achukue sehemu kubwa ya Desemba na aachie Agosti.

Shariffa MLD

Hili liwekwe juu ya uzi!

Niongeze la mgawanyo wa sawasawa, wiki kwa mama na wiki kwa baba. Watu wanaliomba kwa sababu linasikika la haki. Linawezekana wazazi wakiwa jirani, shule ni moja na wanasalimiana. Wazazi wasiosemezana, mtoto ndiye anakuwa tarishi wa kubeba maneno na daftari lililosahaulika upande wa pili. Mahakimu wengi hutoa malezi ya kisheria kwa pamoja, na ya kila siku kwa mmoja.

Wakili wa Barani

Sikubaliani na yote. Mtoto wa miaka 11 ambaye shule yake iko kati ya nyumba mbili anaweza wiki kwa wiki, na baba anayejua kupika asinyimwe kwa sababu ya mazoea. Ila umesema kweli kwamba wasiosemezana haifai.

Kijana wa Mambrui

Na mzazi akiwa Mtaliano? Malindi na Watamu kesi hizi si chache.

Wakili wa Barani

Korti ya hapa ina mamlaka mtoto akiwa anaishi hapa, uraia wa mzazi haubadilishi hilo. Hatari ni safari. Kenya si mwanachama wa Mkataba wa Hague wa 1980 wa utekaji wa watoto kimataifa, kwa hivyo mtoto akishavuka hakuna njia ya mkato ya kumrudisha, unaanza upya kwenye korti za kule. Kinga iwekwe mapema: omba pasipoti ya mtoto iwekwe kortini, amri kwamba asitoke nchini bila ruhusa ya maandishi ya mzazi mwingine au ya korti, na nakala ya amri ipelekwe Uhamiaji. Mtoto mwenye uraia mbili ana pasipoti mbili. Taja zote mbili, maana amri inayotaja ya Kenya tu imeacha mlango wazi.

Kinyume chake pia: mzazi mgeni akionyesha tiketi ya kwenda na kurudi, anwani, barua ya shule na tarehe, ruhusa ya likizo hutolewa. Kukataa kila safari kwa chuki kunakuhesabia vibaya.

BintiMkomani

Ambao hawakuoana? Baba amekana.

Mzee wa Masjala

Ndoa haina uzito hapa kwa upande wa wajibu. Na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016, mama asiyeolewa anaweza kutaka jina la baba liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa. Akikana, korti huamuru kipimo cha DNA. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina tawi Mombasa, kinachochukuliwa ni ute wa shavuni kwa pamba, sindano hakuna. Omba amri iseme nani analipa kipimo na nauli, siku gani, na matokeo yaende kortini moja kwa moja. Anayekimbia kipimo bila sababu, korti inaweza kuhesabu kukimbia kwake kuwa jibu.

Na mtu wa kukuandikia karatasi: sheria inakuruhusu ujisimamie. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na husaidia wanawake wasio na uwezo, pia kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi usingoje kesi, piga 116, ni bure.

Kijana wa Mambrui

Amri ikitoka na mtu asiifuate?

Mzee wa Masjala

Pesa zisipolipwa, peleka hesabu: mwezi kwa mwezi, kilichopaswa, kilicholipwa, baki. Omba mdaiwa aitwe aonyeshe sababu. Akiwa na mshahara, korti inaweza kuagiza mwajiri akate. Mwenye uwezo anayekaidi anaweza kufungwa jela ya madai, na deni halifutiki kwa kukaa ndani. Mtoto akizuiwa, ni kudharau korti, na kuna amri ya kumleta mtoto.

Lakini kosa ninalotaka kila mtu alisome mara mbili: pesa na kuonana si biashara ya kubadilishana. Baba asipolipa, mama hana ruhusa ya kumficha mtoto. Mama akimficha, baba hana ruhusa ya kukata pesa. Kila moja ina dawa yake, na anayejichukulia sheria ndiye anayekaripiwa kwanza.

Maisha yakibadilika, kazi imekwisha, mzazi anahamia Witu, mtoto anaingia sekondari ya bweni, omba amri ibadilishwe. Amri za watoto hazigandi. Kuacha tu kulipa na kungoja uulizwe kunalimbikiza deni. Asiyeridhika na uamuzi wenyewe ana siku 30 kwenda Mahakama Kuu kwa rufaa. Matunzo huishia miaka 18, ila korti inaweza kuongeza muda kwa anayesoma au mwenye ulemavu.

Nahodha wa Mkanda

Sikukuu mmezisahau. Idd moja kwa mama, moja kwa baba, na mwaka ujao wabadilishane. Maulidi ya Amu yatajwe pia, watu wanagombana zaidi kwa Maulidi kuliko kwa karo.

BintiMkomani

Na Idd yenyewe ya mwezi wa wapi? Baba anafuata Maka, mama anangoja mwezi uandame hapa. Mtoto atasherehekea mara mbili au hata moja?

Maalim wa Langoni

Iandikwe kwenye amri: "siku ya Idd ni ile atakayotangaza Kadhi Mkuu, na mtoto atakabidhiwa siku moja kabla, baada ya alasiri." Asiyeridhika na tangazo aswali Idd yake, mtoto atamkuta kesho yake.